Mgeni na Mwenyeji katika Milima ya Usambara: Khabari za Mji wa Lushoto

Kusudi la makala haya ni kuchungua khabari za mji mmoja mdogo wa mlimani, nao ni Lushoto, katika Usambara ya Magharibi, Mkoa wa Tanga. Mji huu wajulikana sana na wasafiri. Uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya baridi, na mtu atokaye katika joto la Tanga au Dar es Salaam hupata huko raha ya mwili. Kaskazini, chini ya magenge ya milima, iko Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopakana na hifadhi ya Tsavo Magharibi katika nchi ya Kenya. Na upande wa kusini-mashariki, ufukweni mwa bahari, iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kwa hiyo wageni wengi huufanya mji huu kituo cha kupumzikia, ama kabla ya kwenda kutazama wanyama, ama wakiisha kuwatazama.

Mara ya mwisho nilipokwenda Lushoto nilifuatana na wanafunzi watatu. Tuliiacha njia kuu ya Moshi pale Mombo, tukapanda mlima kwa barabara yenye kona nyingi, tukapita Soni penye maporomoko ya maji, na baada ya kilometa 30 na kitu tukafika mjini. Asubuhi yake kijana mmoja wa Kishambaa, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni, alitupeleka Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafula na mtu huiona nyika yote chini, pamoja na Mazinde. Hapo akatueleza khabari za mji kama alivyozizoea: kwamba Lushoto ulianzishwa na Wajerumani kwa sababu walipenda baridi yake. Mwanafunzi mmoja akamwuliza, "Na kabla yao, kaka, palikuwa na nini?" Yule kijana akafikiri kidogo, akajibu, "Kabla yao palikuwa kwetu tu."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Karatasi wanazopewa wageni zina mwaka wa reli, na jina la Kaisari, na majina ya majengo ya zamani. Lakini "kwetu" haimo. Hali kadhalika khabari zake si khabari zilizopotea, maana zimeandikwa, na zimeandikwa kwa Kiswahili, katika kitabu ambacho sisi wanafunzi wa lugha hii twakitaja mara kwa mara kama mfano wa nathari ya zamani, lakini ni mara chache twakichukua mkononi kupanda nacho mlima wenyewe.

Hoja yangu ni hii. Khabari za Lushoto si khabari za watu waliogundua baridi. Ni khabari za wageni waliofika mlimani mmoja baada ya mmoja, na za namna kila mmoja alivyokaa na wenyeji wake. Kiswahili kina kipimo cha jambo hilo katika methali inayojulikana na wote: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kishambaa nacho kina kipimo chake, na ajabu ni kwamba vipimo hivi viwili vimekaribiana sana. Washambaa husema juu ya mtawala mwema kwamba anazifya shi, yaani anaiponya nchi. Na juu ya mtawala mbaya kwamba anabana shi, yaani anaidhuru nchi, hata mvua ikakosekana na njaa ikaingia. Neno shi ndilo nchi ya Kiswahili katika vazi lingine. Steven Feierman, ambaye kitabu chake cha 1974 juu ya ufalme wa Washambaa na kile cha 1990 juu ya wakulima wenye fikra vimekuwa msingi wa uchunguzi huu, ameonyesha kwamba maneno haya mawili ndiyo mzani ambao watu wa mlimani wamewapimia watawala wao wote, wa Kiafrika na wa Kizungu.

Na tuanze na majina, kwa kuwa jina ni shahidi asiyesahau upesi. Washambaa wenyewe huiita nchi yao Shambaai. Kiishio -i katika jina hilo ni cha mahali, sawasawa na -ni ya Kiswahili. Pale sisi tusemapo nyumbani, wao husema nyumbai. Watu wa pwani walilitwaa jina hilo wakalitia u- ya nchi, kama katika Unyamwezi na Uzigua, na kwa njia hiyo likatokea Usambara. Ile r ya Usambara inatukumbusha konsonanti ambayo katika Kishambaa cha leo imekwisha kuanguka: vitabu vya Wajerumani vya zamani vyaandika Schambala, lakini l iliyokuwa baina ya irabu mbili imetoweka na kuacha irabu ndefu, Shambaa. Jambo hili si geni kwetu, maana Kiswahili kilifanya vivyo hivyo kilipoigeuza njala kuwa njaa. Ama jina Lushoto, umbo lake lina kiambishi lu-, ambacho Kiswahili sanifu kimekipunguza hata kikabaki u- katika maneno kama ulimi na uzi. Jina la namna hiyo ni la mlimani lenyewe. Lilikuwapo kabla ya Wilhelmstal, na lilirudi Wilhelmstal lilipoondoka.

Lakini Shambaai si jina la mahali tu. Ni neno lenye mwenziwe wa kulipinga, nalo ni nyika. Shambaai ni juu, penye mvua, migomba, baridi na afya. Nyika ni chini, penye joto, homa, wanyama wakali na hatari ya kuvamiwa. Tofauti hii aliijua kila mtoto wa mlimani muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kuandika kwamba hewa ya Usambara yafaa kwa afya. Wala haikuwa tofauti ya kutenga. Vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa milima, ili mtu aweze kulima migomba yake juu na kuteremka kulima shamba lingine chini. Mwaka ambao upande mmoja ulikosa, upande wa pili ulimwokoa. Kwa hiyo pale Irente, ambapo mgeni wa leo husimama kutazama nyika kama mtu atazamaye picha, mwenyeji wa zamani alisimama akitazama nusu ya pili ya riziki yake.

Mgeni wa kwanza katika khabari zilizoandikwa ni Mbegha. Twamjua kwa kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyekaa miaka mingi na Wakilindi, ambacho jina lake ni Habari za Wakilindi. Kilipigwa chapa kwa mafungu na wamisheni wa Magila kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha mwaka 1962 kikatolewa tena kwa usimamizi wa J. W. T. Allen, na mwaka 1963 ikafuata tafsiri yake ya Kiingereza. Kitabu hicho chasimulia kwamba Mbegha alitoka Ngulu, na kwamba alikuwa kigego, yaani alianza kuota meno ya juu, jambo lililohesabiwa kuwa ni la nuksi. Akaondoka kwao akawa mwindaji wa nguruwe, akizunguka na mbwa wake katika nyika na misitu, hata akapanda milimani. Huko akawapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashamba yao. Akaua nguruwe walioharibu mimea. Akaamua magomvi yao. Na mwisho watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao. Kwa kuwa aliua simba, wafalme wa ukoo wake waliitwa Simba Mwene.

Mtu aweza kuisoma khabari hii kama hadithi tu, wala simlaumu. Lakini na atazame mpango wake. Mbegha ni mtu wa nyika, naye aja na kitu cha nyika, yaani nyama. Wenyeji ni watu wa shambaai, nao wana kitu cha shambaai, yaani mazao. Ufalme wazaliwa katika kubadilishana huko. Mgeni hakupewa nchi kwa sababu alikuwa na nguvu, bali kwa sababu kuja kwake kuliwaponya wenyeji. Na jina lake lenyewe lafaa kuangaliwa. Katika msitu wa Magamba, ulio karibu na mji, kiongozi wa wageni huwaonyesha kima warefu, weusi kwa weupe, walio juu ya miti, naye huwaita kwa Kiswahili mbega. Mgeni huandika neno hilo katika daftari lake, kisha huteremka bila kuambiwa kwamba katika nchi hii kuna Mbegha mwingine, ambaye bila yeye hapana ufalme wala khabari. Gh ya Kishambaa, iliyolainika kuwa g katika kalamu ya watu wa pwani, ndiyo itofautishayo hapa mnyama na mwanzilishi wa ufalme.

Mtawala mkuu kupita wote wa ukoo huo alikuwa Kimweri ye Nyumbai, ambaye jina lake la sifa lina maana ya Kimweri aliye nyumbani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri. Mfalme alikaa Vuga, wala hakuzurura, kwa kuwa kukaa kwake nyumbani ndiko kulikokuwa amani ya nchi. Na kutoka huko Vuga amri yake iliteremka hata pwani, ambako madiwani wa baina ya Tanga na Pangani walitazama upande wake na upande wa Sultani wa Unguja kwa pamoja. Johann Ludwig Krapf alimwendea mwaka 1848, na mara ya pili mwaka 1852, akiomba ruhusa ya kuanzisha misheni. Krapf ndiye aliyetoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882 baada ya kufa kwake. Hivyo safari za Vuga ni sehemu ya maisha ya mmoja wa waanzilishi wa elimu yetu. Aliona kwamba baadhi ya wana wa mfalme walikuwa wamekwisha silimu, na ya kuwa mlimani Kiswahili hakikuwa kigeni tena. Mwaka 1857 wakaja Burton na Speke, wakamkuta Kimweri ni mzee mgonjwa, naye akatumaini kupata kwao dawa. Hata wageni hao, kwa kiburi chote alichokuwa nacho Burton katika uandishi wake, waliingia Vuga kwa idhini, wakaketi walipoketishwa, wakaondoka walipoagwa. Desturi ya mgeni na mwenyeji ilikuwa bado imesimama.

Kimweri alikufa mwaka 1862, na kwa kufa kwake desturi hiyo ilianza kuvunjika kutoka ndani. Kiti kilimwangukia mjukuu wake Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, chini nyikani, palipopita misafara ya pembe na ya watumwa. Akapata bunduki, akawatoa wenye Vuga, akamweka mwanawe kuwa mfalme juu, na yeye mwenyewe akatawala kutoka chini. Washambaa wana neno la hali hiyo, nguvu kwa nguvu, yaani watawala wawili wenye uwezo wa kupambana, na nchi ikawa ndiyo iumiayo. Mfalme hakuwa tena nyumbai. Wajerumani walipofika hawakukuta nchi isiyo na mwenyewe. Waliikuta nchi ambayo wenyewe walikuwa wamechoshwa na vita. Mwaka 1895 Semboja alikufa, na mwaka huo huo Wajerumani wakamnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Hapo ndipo zile karatasi za wageni zinapoanzia khabari zao.

Kazi ya reli ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Juu ya Mombo, katika bonde la Lushoto, serikali ya Kijerumani iliweka makao ya wilaya, ikayaita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari. Walowezi wakatwaa mashamba, na maofisa wa pwani wakapanda kuja kupumzika na kuponya homa zao. Walifikiri wamegundua jambo jipya. Kwa kweli walikuwa wamerudia, kwa Kijerumani, ile tofauti ya zamani ya shambaai na nyika: juu ni afya, chini ni maradhi. Lakini walitwaa nusu tu ya fikra hiyo. Walitwaa uzuri wa juu, wakaliacha lile kubadilishana kati ya juu na chini ambako ndiko kulikokuwa maana yake. Na mahali palipokuwa kwao mwenyeji pakawa mahali pa mgeni kupumzika.

Na mapumziko yalikuwa na bei. Mwaka 1907 ilianzishwa katika wilaya ya Wilhelmstal kadi ya kazi, iliyojulikana baadaye katika nchi nzima kwa jina la kipande. Kila mwanamume alipaswa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mshahara uliowekwa; asiyetimiza aliweza kushurutishwa katika kazi za serikali. Neno kipande, ambalo zamani lilikuwa na maana ya sehemu ya kitu tu, likapata maana mpya katika Kiswahili, ikaenea kutoka bara hata pwani. Wanaotunga kamusi huiandika maana hiyo kwa mstari mmoja. Nadhani yafaa wakumbuke kwamba nyuma ya mstari huo uko mlima, na juu ya mlima liko baraza ambalo mtu alikaa akipunga hewa wakati mwingine akihesabu siku zake 30. Katika mzani wa Kishambaa, huko ni kubana shi.

Sitakuwa mwadilifu nikinyamaza juu ya upande mwingine. Miongoni mwa Wajerumani wa nyakati hizo walikuwamo watu walioisikiliza nchi. Wamisheni wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891. A. Seidel alitoa kitabu cha lugha ya Kishambaa mwaka 1895, na Karl Roehl, mmisheni wa Usambara, akatoa sarufi yake kubwa mwaka 1911. Roehl huyu ndiye aliyetafsiri Biblia kwa Kiswahili, Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kutia mahali pake maneno ya Kibantu. Ugomvi uliozuka juu ya tafsiri hiyo twaujua sote. Lakini mara nyingi twauhukumu kana kwamba ulikuwa ugomvi wa maktabani, tukisahau kwamba mtu huyo alijifunza kuzipenda lugha za Kibantu akiwa mlimani, kwa kuwasikiliza Washambaa. Kadhalika Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1890. Ulaya hakumbukwi kwa kitabu hicho, bali kwa ua dogo la zambarau la misitu ya nchi hii, ambalo wataalamu wa mimea walilipa jina lake mwaka 1893.

Nilipokuwa mwanafunzi Ujerumani nilipanga chumba kwa mama mmoja aliyekuwa na ua hilo katika dirisha lake. Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Alikuwa amelitunza miaka mingi, akilinywesha maji kwa uangalifu mkubwa. Nilipomwambia kwamba Usambara ni nchi, na kwamba ina watu na lugha na wafalme, alistaajabu. Siku zote alidhani ni neno la wauza maua. Sikumcheka. Nilitambua kwamba jina laweza kusafiri mbali sana huku likimwacha mwenyewe nyuma.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji, na jina la Kaisari likaondoka. Lushoto ikawa Lushoto. Jina lilirudi, lakini kazi ya mji haikubadilika. Gavana wa Tanganyika alikuwa na nyumba ya kupumzikia huko, palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu, na mahoteli ya watu wa aina hiyo hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mgeni wa namna nyingine, yaani mpango wa kuhifadhi ardhi. Ulianza Mlalo mwaka 1946, kisha ukaenezwa katika Usambara ya Magharibi. Wakulima waliamriwa kufanya matuta katika miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Maofisa waliamini kwa moyo safi kwamba wanaiponya nchi. Wenyeji waliona kazi nzito isiyo na mazao, iliyowaangukia zaidi wanawake, na hofu ya kunyang'anywa ardhi. Wakasema kwamba nchi yadhuriwa. Neno moja, kuiponya nchi, lilikuwa vinywani mwa pande mbili zisizosikilizana. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umeachwa, na ugomvi wake ulikuwa umewaingiza watu wengi wa mlimani katika siasa ya uhuru.

Nyikani nako mambo yalikuwa yakibadilika. Tsavo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na Mkomazi likawa pori la akiba mwaka 1951. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwamo Mkomazi walitolewa, na katika muongo wa kwanza wa karne hii pori hilo likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Sikusudii kubisha faida ya kuhifadhi wanyama; faru waliokuwa wamekwisha kutoweka huko wamerudishwa na wanazaana, na hilo ni jema. Nataka tu kuonyesha kwamba kwa tendo hilo mpaka kati ya shambaai na nyika, uliokuwa mlango wa kupitia, umekuwa ukuta. Juu imekuwa mahali pa kulala mgeni, chini imekuwa mahali pa kutazama mgeni. Na Mbegha wa leo, akitaka kupanda mlima na nyama yake, atakamatwa njiani. Mtu asemaye kwamba milima ni kitu kimoja na hifadhi ni kitu kingine, amezaliwa baada ya ukuta huo kujengwa.

Basi, je, tuwachukie wageni? La, hata kidogo. Vijana wengi wa Lushoto wapata riziki kwa kuwaongoza, na wakulima wawauzia mboga na matunda. Nchi ambayo khabari zake zaanza kwa mgeni aliyekaribishwa haiwezi kuwa nchi ya kuchukia wageni. Lakini methali yetu ina nusu mbili. Nusu ya kwanza, mgeni njoo, imebandikwa katika kila mlango wa hoteli. Nusu ya pili, mwenyeji apone, ndiyo iliyosahauliwa; na kupona kwa mwenyeji si fedha tu. Ni pamoja na kuwa khabari zake zijulikane na anayekula chakula chake. Mgeni aambiwaye kwamba mji ulianza na Wajerumani amefundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba huyu amwongozaye njiani naye ni kama mgeni wa pili katika nchi ya Kaisari.

Hapa ndipo kazi ya chuo chetu inapohusika. Ruth Besha aliichungua nyakati za vitenzi vya Kishambaa katika kitabu chake cha 1989, akaonyesha jinsi mwenyeji mwenyewe anavyoweza kuieleza lugha yake kwa elimu ya kisasa. Majina ya vilima, mito, makaburi ya wafalme na vijiji vya zamani yangali yanangoja mtu wa namna hiyo. Kila jina likiandikwa kwa sauti zake sawasawa, pamoja na maelezo ya wazee walijualo, litakuwa ukurasa wa historia ambao hautegemei faili la ofisi ya wilaya. Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka masikio na muda, na muda ndio unaopungua, kwa kuwa wazee hawatungojei. Na Habari za Wakilindi yafaa itolewe tena, kwa maandishi safi na maelezo mafupi ya maneno ya Kishambaa, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya mlimani ataiweza.

Jioni ile tuliporudi kutoka Irente, nilitoa mfukoni nakala yangu ya kitabu hicho, nikamsomea yule kijana kurasa za Mbegha kufika Vuga. Alisikiliza kimya. Khabari zenyewe alizijua kwa bibi yake. Alichokuwa hakijui ni kwamba zimo kitabuni, tena kwa Kiswahili ambacho yeye na mimi twakielewa bila mkalimani. Nilipomaliza akaniuliza, "Mwalimu, kitabu hiki chauzwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwachia ile nakala, nikateremka mlima mikono mitupu. Na makala haya nimeyaandika ili wenzangu wa taaluma hii walisikie swali lile, na ili tusiulizwe mara ya pili.